Diwani wenu mnampa ngapi kwa kumi? (Na msianze na barabara)

Msoma Muhtasari (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila masika yakianza, magrupu ya mitaa yanageuka mahakama. Mtu anarusha picha ya dimbwi, chini anaandika "Diwani yuko wapi?", wenzake wanamwaga hasira, mmoja anaweka kibonzo cha kucheka, basi. Kesi inaahirishwa hadi dimbwi lijalo. Mimi nimekuwa mjumbe wa kamati ya mtaa, na nikipata nafasi huwa naenda kukaa nyuma kwenye baraza la madiwani kusikiliza. Nikaona tulilete jambo hili hapa tulijadili kwa kituo. Mnampimaje diwani wenu? Na hiyo alama mnayompa mnaitoa wapi?

La barabara nalimaliza mwenyewe kabla hamjaanza. Hapa Tanzania, tangu 2017 barabara za mijini na vijijini ambazo si za TANROADS, wale wa barabara kuu na za mikoa, ziko chini ya TARURA, wakala ulio chini ya TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa. Hela zake zinatoka Mfuko wa Barabara, na tangu 2021 ikaongezwa ile shilingi 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli. Meneja wa TARURA wa wilaya anakuja barazani, anasoma taarifa, anasikiliza makelele, anaondoka. Diwani hana uwezo wa kumwamuru apeleke greda mtaa fulani Jumatatu. Maji ya vijijini yalikwenda RUWASA mwaka 2019, mijini kuna mamlaka za maji, umeme ni TANESCO. Ukitoa hayo matatu umeshatoa sehemu kubwa ya matusi anayotukanwa diwani.

Sasa amebaki na nini? Amebaki na mengi, na huku hakuna anayemulika, ndiyo maana wengi wanamaliza miaka mitano wakiwa wametulia tu. Taka ni zake. Soko, mnada, stendi na ushuru wake. Shule za msingi na sekondari za kata, zahanati. Viwanja vya wazi ambavyo unaamka asubuhi unakuta vimezungushiwa mabati. Mikopo ya asilimia 10. Bajeti ya mapato ya ndani haipiti bila wao kunyoosha mikono. Na Kamati ya Maendeleo ya Kata mwenyekiti wake ni yeye, mtendaji wa kata ni katibu wake tu.

Mimi nampimia kwenye taarifa ya kata. Kila robo mwaka baraza linapokaa, siku ya kwanza kila diwani anawasilisha taarifa ya kata yake. Pale ndipo mtu anapojulikana. Siku moja nilimsikiliza mmoja akisoma, kwa sauti nzuri kabisa, kwamba madarasa mawili ya shule fulani "yapo hatua ya lenta". Mwenzake wa jirani akacheka chini chini. Yale madarasa yalikuwa yameshaezekwa, watoto wanasomea mle. Taarifa iliandikwa na mtendaji kwa kunakili ya robo iliyopita, yeye ameipokea mlangoni akaja kuisoma kama anavyosoma mtangazaji wa habari. Aliyefuata alikuwa mama mmoja, karatasi ameikunja mkononi haiangalii. Akataja matundu ya vyoo yaliyopo na wanafunzi waliopo, akauliza fedha za umaliziaji zilizopitishwa kwenye bajeti zimeishia wapi. Mweka hazina akaanza kutafuta miwani ambayo alikuwa ameivaa.

Wote wawili wanalipwa posho ileile. Wa kwangu nampa 4. Karibuni.

---

Kijiwe cha Boda

Mkuu umeandika kisomi ila kuna sehemu sikubaliani. Mwananchi hakumpigia kura TARURA. Alimpigia kura huyu aliyekuja na gari la matangazo akasema "barabara hii nikipita mtaisahau shida". Kama alijua barabara si yake, aliahidi ya nini?

Wa kwetu nampa 7. Shule hakwenda sana, akisimama kuongea anababaika, hizo taarifa zako sijui hata kama anazielewa. Lakini simu anapokea. Kalavati letu lilipozolewa na maji alikwenda kukaa kwenye ofisi za hao jamaa asubuhi, akarudi tena kesho yake na wazee wawili wa mtaa, mpaka wakachoka sura yake. Kalavati likawekwa. Sasa wewe niambie nimnyime alama kwa sababu halikuwa jukumu lake?

---

Mama Kidawa

Mimi naomba niongelee taka maana hapo mwanzisha uzi umenigusa.

Kwetu gari la taka linapita linapojisikia. Risiti ya ada ya taka ndiyo inayopita kila mwezi bila kukosa, na kijana wa kukusanya hiyo ada ana nidhamu kuliko mwalimu. Viroba vinakaa nje mpaka vinatoboka, mbwa wanavuta, maji yanatiririka mpaka kwenye mfereji, na ule mfereji ukiziba mafuriko yakija tunasema mvua ya mwaka huu imezidi. Tumepeleka malalamiko kwa mwenyekiti wa mtaa, kapeleka kwa mtendaji, diwani kaja kwenye mkutano kasema neno lao lile: "nimelipokea, nalifanyia kazi".

Nikauliza, mkandarasi huyu ana mkataba? Anao. Mkataba unasema apite mara ngapi kwa wiki? Kimya. Nikauliza nani aliupitisha? Kimya zaidi. Baba mmoja nyuma yangu akanivuta kanga, "Kaa mama, huyo mkandarasi ni mtu wao." Sasa kama ni kweli au uzushi mimi sijui, lakini mkataba ule tukiusoma kwenye ubao wa matangazo uvumi utakufa wenyewe. Nampa 2, na hizo mbili ni kwa sababu huwa anasalimia.

---

Mtendaji Mstaafu

Nimefanya kazi ya utendaji wa kata kwa miaka mingi, katika halmashauri zaidi ya moja. Niseme kidogo kutoka upande wa pili wa meza.

Ndugu zangu, diwani hana fungu. Hilo wengi hamlijui. Ule Mfuko wa Jimbo ulioanzishwa kwa sheria ya 2009 unasimamiwa na kamati ambayo mwenyekiti wake ni mbunge. Mkurugenzi wa halmashauri, ambaye ndiye mwenye kuidhinisha malipo, ni mteule wa Rais. Kodi ya majengo, ambayo zamani ilikuwa chanzo cha halmashauri, ilikwenda TRA, mamlaka ya mapato, na tangu 2021 mnakatwa mkinunua umeme wa LUKU. Kwa hiyo diwani anaingia ofisini akiwa na mdomo wake na kura yake moja barazani. Basi.

Halafu mwangalieni siku yake ilivyo. Saa kumi na mbili asubuhi ameshagongewa. Mmoja amefiwa, anataka sanduku. Mwingine mtoto amefaulu, hana sare. Vijana wa mpira wanataka jezi. Harusi ya mwalimu, kadi ya mchango imeandikwa "Mheshimiwa Diwani na familia" na kiwango kimeshapangwa. Asipotoa, mtaa mzima unajua jioni kwamba ni mchoyo. Posho inaisha tarehe tano. Nimewaona madiwani wakiingia kwenye mikopo ya riba ya kuumiza kwa ajili ya rambirambi za watu. Mtu akishafika hapo, mkandarasi akija na bahasha hana nguvu ya kumfukuza. Halafu hao hao waliokula michango yake wanalalamika soko halina choo.

Kuhusu taarifa ya kata, Msoma Muhtasari amesema kweli tupu. Niliziandika nyingi. Diwani aliyekuwa akinirudishia rasimu ikiwa na alama za kalamu nyekundu nilikuwa namwogopa. Aliyekuwa akisaini bila kusoma, kwa kweli, ile kazi niliifanya usiku wa kuamkia baraza.

---

Chura wa Bondeni

Kwa hiyo tumwonee huruma? Hakulazimishwa kuchukua fomu. Mbona kwenye kura za maoni ndani ya chama wanakanyagana?

---

Mtendaji Mstaafu

@Chura wa Bondeni sijasema mumwonee huruma, nimesema mjue mnachomdai. Ukimdai jeneza atakupa jeneza. Hutamdai mkataba wa taka kwa mdomo ule ule uliokula ubwabwa wake.

---

Wakili wa Kijiweni

Tatizo lenu mnajadili mtihani bila kuuliza nani anasahihisha.

Kwa sheria zetu Tanzania hakuna kumrudisha diwani nyumbani katikati ya muhula. Ukishamchagua umemchagua, mpaka miaka mitano iishe, labda afe, ajiuzulu, au apoteze sifa, kwa mfano kufukuzwa na chama chake. Angalieni hiyo ya mwisho. Wananchi wote wa kata wakichoka naye anaendelea. Chama kikimchoka anaondoka kesho. Sasa mtu mwenye akili zake atamwogopa nani?

Na kwenye kata nyingi uchaguzi wenyewe unaishia kwenye kura za maoni. Wajumbe wachache wa chama wakishaamua, huko mbele ni kukamilisha ratiba, na mwaka 2020 kuna waliopita bila kupingwa hata hiyo ratiba haikuwepo. Ule msemo wa mwaka ule, "wajumbe si watu", ulikuwa utani lakini ulibeba ukweli wote: diwani anajua mabosi wake kwa majina na namba za simu, na wewe mlalamikaji wa grupu la mtaa si mmoja wao. Wewe mpe 2, wajumbe wakimpa 9 amefaulu.

Kwa hiyo swali langu kwa mwanzisha uzi: hizi alama zetu zinaenda wapi?

---

Wadi ya Bahari

Hamjambo ndugu zetu. Mimi naandika kutoka pwani ya Kenya. Nimesoma uzi wote nikacheka peke yangu, maana mkibadilisha neno diwani mkaweka MCA, yaani mwakilishi wa wadi, ni sisi hawa hawa.

Sisi tangu ugatuzi wa 2013 tuna wadi 1,450 na kaunti 47. MCA ana nguvu kuliko diwani wenu. Anakaa bunge la kaunti, anapitisha bajeti ya gavana, anaweza hata kupiga kura ya kumng'oa gavana, ingawa mara nyingi kelele za kumng'oa huisha watu wakishakutana faragha. Na huyo ndugu wakili aliyetaja kumrudisha mtu nyumbani, sheria ya serikali za kaunti ya 2012 iliweka kifungu hicho kabisa, wapiga kura waweze kumfuta MCA. Masharti yalikuwa magumu mpaka Mahakama Kuu ikavibatilisha vifungu mwaka 2017. Haki kuwa nayo ni jambo moja, kuitumia ni jingine. Kwa hiyo msidhani sisi tumevuka.

Kwetu MCA hupimwa kwa basari. Amepeana basari ngapi, na kwa nani. Akikupa ni mchapakazi, akikunyima ni mwizi. Hakuna anayemuuliza alikuwa wapi makadirio ya bajeti yalipofikishwa bungeni, na tarehe ya mwisho inajulikana kila mwaka, 30 Aprili. Vikao vya kushirikisha umma vinafanywa, mkeka unatandikwa, soda inagawanywa, orodha ya mahudhurio inasainiwa. Nilihudhuria kimoja, kabrasha la bajeti lilikuwa nene kuliko msahafu na lilitufikia mkononi asubuhi ile ile. Mzee mmoja akainuka akasema, "Sisi tumekuja kusaini au kusoma?" Watu walimpigia makofi, kisha wakasaini.

Wangu nampa 5. Amejenga chekechea mbili nzuri. Zahanati haina dawa.

---

Kijiwe cha Boda

@Wadi ya Bahari karibu sana kaka. Huyo mzee nimempenda.

---

Binti wa Vikundi

Mbona hakuna anayegusa asilimia 10? Au wote humu ni waajiriwa?

Kwa wasiojua: sheria ilirekebishwa 2018 ikaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani iwe mikopo isiyo na riba. Wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Mwaka 2023 ikasimamishwa baada ya ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha pesa zimekwenda kwa vikundi hewa na vingine havirejeshi, halafu ikarudi mwaka wa fedha 2024/25 kwa utaratibu mpya. Hii ndiyo sehemu pekee ambayo mimi mshona nguo nakutana na halmashauri uso kwa uso, na ndiyo nampimia diwani wangu.

Mara ya kwanza, kabla ya kusimamishwa, kikundi chetu kilizungushwa. Katiba ya kikundi ina kosa, rudi. Muhtasari hauna muhuri, rudi. Akaunti ya benki, rudi. Wakati huohuo kuna kikundi kilisajiliwa juzi, mwenyekiti wake alikuwa anazunguka na diwani kwenye kampeni, kikapata. Nilikwenda kwa diwani nikamuuliza hadharani kwenye mkutano. Akasema kikundi kile "kilikidhi vigezo". Nikamwomba avitaje vigezo. Akamgeukia afisa maendeleo ya jamii.

Diwani wa sasa ni tofauti. Alichofanya ni kitu kidogo sana: alimwambia afisa abandike kwenye mlango wa ofisi ya kata majina ya vikundi vilivyoomba, kilichokosekana kwa kila kimoja, na vilivyopata. Karatasi ya kawaida, imebandikwa kwa gundi ya ugali. Fitina zimepungua kwa nusu. Sisi tulikuta kikundi chetu kimeandikwa "nakala ya kitambulisho cha mjumbe wa tatu haisomeki". Tukaileta nyingine. Huyu nampa 8 na barabara yetu ni mashimo matupu.

---

Msoma Muhtasari

@Binti wa Vikundi hii karatasi ya mlangoni ndiyo nilikuwa naitafuta humu. Haina gharama na haikusubiri mkurugenzi.

@Wakili wa Kijiweni swali lako ni zito na sina jibu la kukuridhisha. Alama zetu hazimwondoi mtu. Ila nimeona kitu barazani: diwani akijua kuna mtu wa kata yake amekaa nyuma na daftari, anaongea tofauti. Wajumbe hawaji barazani, wao wanakutana naye kwingine. Hata mkuu wa idara anajibu kwa adabu zaidi kukiwa na watu. Siyo dawa, lakini ni kitu.

@Kijiwe cha Boda nimekuelewa hoja yako ya kalavati. Diwani king'ang'anizi ana thamani yake. Ninachouliza, kalavati likishawekwa, mwaka ule kata yenu ilipata nini kwenye bajeti ya halmashauri? Maana aliyekaa kwenye benchi la TARURA siku mbili anaweza kuwa hakuwepo siku kamati ya fedha inagawa.

---

Kijiwe cha Boda

Kusema kweli hilo sijui. Nitamuuliza.

---

Pima Ploti

Mimi nafanya kazi zinazogusa ardhi, nitasema bila kutaja mahali.

Mnaongelea taka na mikopo, hivyo vinarekebishika. Kiwanja cha wazi kikishakwenda kimekwenda. Kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007 halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji, maana yake kubadilisha matumizi ya eneo kunapita kwenye kamati ya madiwani wa mipango miji. Hakuna kiwanja cha watoto kinachogeuka kituo cha mafuta kwa bahati mbaya. Kuna kikao, kuna muhtasari, kuna waliohudhuria na majina yao yameandikwa.

Nawapa namna mambo yanavyokwenda. Kwanza linaanza gereji bubu pembeni ya uwanja. Kisha mtu anamwaga kifusi, wanasema anasawazisha ili vijana wacheze vizuri. Mtaa unafurahi. Miezi inapita, mabati yanazungushwa, kibao kinawekwa "Mali ya mtu binafsi". Watu wanakimbilia kwa diwani, diwani anashangaa pamoja nao, anashika kichwa kabisa. Ukienda kufukua, unakuta tangazo la kubadili matumizi lilitoka, pingamizi hakuna, na kikao kilipitisha. Yeye alikuwemo. Au hakuwemo, na hilo nalo ni jibu.

Kwa hiyo diwani wako usimuulize "uwanja wetu uko salama?" Atasema uko salama. Muulize ramani ya mipango miji ya kata iko wapi na uione. Kama kata haina ramani hata moja ukutani, mpe sifuri hapo hapo, mengine mtajadili baadaye.

---

Chura wa Bondeni

Sasa hii imenitisha. Kwetu kifusi kilimwagwa mwezi uliopita.

---

Pima Ploti

@Chura wa Bondeni nenda ofisi ya mtaa kesho. Siyo wiki ijayo.

---

Mwalimu wa Zamu

Nimechelewa kuingia. Niongeze la CAG maana naona watu wanalitaja juu juu.

Ripoti ya CAG anakabidhiwa Rais mwishoni mwa Machi, Aprili inaingia Bungeni, na kuna ripoti ya serikali za mitaa peke yake. Inawekwa mtandaoni, ni bure. Fungua, tafuta jina la halmashauri yako. Humo utakuta mapato yaliyokusanywa kwa mashine za POS na hayakufika benki, mikopo ya vikundi isiyorejeshwa, majengo yaliyoanza na kutelekezwa. Madiwani wote walikuwepo. Kamati ya Fedha inakaa kila mwezi.

Lakini msidanganyike na neno hati, ile ya ukaguzi. Watu wanashangilia "halmashauri yetu imepata hati inayoridhisha" kana kwamba ni daraja la kwanza la kidato cha nne. Hati ile inasema vitabu vya hesabu viko sawa. Unaweza kununua madawati mabovu kwa bei ya kuruka, ukaandika vizuri kitabuni na risiti zikawepo, hati ikaja inayoridhisha. Mtoto bado anakaa chini. Diwani akikuringishia hati, mshukuru, kisha umuulize hoja za ukaguzi za mwaka jana zilizofungwa ni ngapi. Hoja huwa zinabaki miaka, zinahamishwa kutoka ripoti hadi ripoti.

Alama? Nawapa baraza zima 5, kwa pamoja, kama wanavyopitisha bajeti.

---

Mama Kidawa

Mwalimu asante. Lakini jamani, mtu wa kawaida ataanza kufungua ripoti ya kurasa mia ngapi sijui? Tuna watoto, tuna genge, simu zenyewe bando la kuunga. Mnatupa sisi kazi ya ukaguzi wakati kuna watu wanalipwa.

---

Mtendaji Mstaafu

@Mama Kidawa una haki kabisa kulalamika. Ndiyo maana sheria iliweka mkutano. Vijijini, mkutano mkuu wa kijiji ni kila miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe pale. Mijini kuna mikutano ya mtaa. Huhitaji CAG kuuliza ada ya taka imekusanywa kiasi gani na imekwenda wapi. Shida ni kwamba mkutano ukiitishwa wanakuja wazee sita na wenye shida ya barua ya utambulisho. Kisha muhtasari unaandikwa "wananchi waliridhia". Nimeandika hilo neno mimi mwenyewe, tena nikiwa natazama viti vitupu.

Na diwani mjanja anaipenda sana hali hiyo. Diwani mzuri ndiye anayepita na baiskeli siku moja kabla kuwaambia watu njooni, mimi nitakuwepo, njooni mniulize. Nilifanya kazi na wawili wa namna hiyo katika maisha yangu yote ya utumishi. Mmoja alishindwa kura za maoni muhula uliofuata.

---

Wakili wa Kijiweni

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo hoja yangu yote.

---

Binti wa Vikundi

Na wa pili?

---

Mtendaji Mstaafu

Wa pili alirudi mara tatu. Kata ile watu walikuwa wakorofi, walikuwa wanajaza mkutano mpaka wengine wanasimama dirishani. Wajumbe nao walikuwa wanaishi humo humo, hawakutaka kugombana na majirani.

---

Kijiwe cha Boda

Wakuu nimerudi. Nimempigia diwani kama nilivyoahidi, nikamuuliza kata yetu imepangiwa nini kwenye bajeti ya mwaka huu. Akaniambia vitu vingi vizuri vinakuja. Nikamwomba anitumie basi hata picha ya ukurasa wa kata yetu. Akasema makabrasha yako kwa mtendaji. Nikaenda kwa mtendaji, akasema nakala ya diwani alishampa diwani.

Alama yangu imeshuka hadi 6. Kalavati linambeba.

---

Msoma Muhtasari

Hahaha. Mwombe hilo kabrasha kwa barua, upeleke nakala kwa mtendaji, zote zigongwe muhuri wa kupokelewa. Barua yenye muhuri inajibiwa haraka kuliko simu.

---

Chura wa Bondeni

Na hilo baraza, mtu anaingia tu? Nisije nikafukuzwa na mgambo.

---

Msoma Muhtasari

Unaingia. Vikao vya baraza ni vya wazi kwa umma, isipokuwa wakijigeuza kamati kujadili mambo ya nidhamu ya watumishi, hapo mtatolewa nje. Kamati za kudumu ndizo huingii. Utaonyeshwa viti vya nyuma, huruhusiwi kuongea wala kupiga makofi. Fika mapema maana viti vichache, na vingine vinakaliwa na madereva wa waheshimiwa. Tarehe inabandikwa kwenye ubao wa halmashauri, ukikosa uliza kwa ofisa habari. Beba daftari. Siku ya kwanza ndiyo ya taarifa za kata, siku ya pili ni taarifa za kamati, na ukiwa na siku moja tu ya ruhusa chukua ya kwanza.

---

Chura wa Bondeni

Sawa. Nimepita ofisi ya mtaa kwa habari ya kile kifusi. Mwenyekiti anasema hajui ni cha nani. Nikamwambia basi tukitoe. Akasema tusubiri kwanza diwani arudi safari.

---

Pima Ploti

Safari ya wapi?

---

Chura wa Bondeni

Ziara ya mafunzo. Wameenda kujifunza usafi wa mazingira.